Kodi Ikibadilika, Msimamizi wa Mirathi Asiachwe Alipe Peke Yake



Mwenzetu anapofariki, chama huchanga sanda na jeneza, hutafuta gari la kupeleka maiti kilimani kwao, na siku ya mazishi mwakilishi wetu husema maneno mawili matatu. Kazi hiyo tunaifanya vizuri. Lakini siku za kilio zikisha na wageni wakirudi makwao, anabaki mtu mmoja mwenye kazi ambayo hakuiomba. Ni yule ambaye familia imemwonyesha kidole na kusema: wewe ndiwe utakayeshika mambo ya marehemu.

Makarani wa mahakama humwita msimamizi wa mirathi. Ndugu zetu Waislamu wa Muyinga, ikiwa marehemu aliacha wosia, humwita wasii. Ng'ambo ya mto Ruzizi, kule Kongo, makaratasi yao humwita likidateri. Na akishika mali kwa ajili ya watoto wadogo, yeye ni mdhamini wao: mali si yake, lakini inapita mkononi mwake. Majina ni mengi, mtu ni yule yule. Mara nyingi ni mdogo wa marehemu, au mjane, au mfanyakazi mwenzake anayejua kusoma na kuandika.

Leo tunataka kusema juu ya mtu huyo na juu ya kodi. Sheria za kodi zinazogusa mali ya wafu zinabadilika katika nchi nyingi hivi sasa, na kila zinapobadilika, wa kwanza kugongwa si marehemu, maana yeye amepumzika, wala si warithi, maana wao wanangoja fungu lao. Anayegongwa ni huyu aliye katikati. Ndiye anayeitwa ofisini. Ndiye anayeulizwa karatasi iko wapi. Na asipojua, yeye ndiye hutoa fedha mfukoni mwake. Sisi tunasema jambo hilo si la haki, na tunataka chama kilisemee kabla sheria ya kwetu haijaandikwa, si baada.

Tunajua wengine mtasema: kodi ya mirathi ni habari ya matajiri, sisi wenye jembe na vumbi la kahawa inatuhusu nini? Swali hilo ni la maana, basi tulijibu kwa mifano.

Marekani, kweli, ni habari ya matajiri. Kule, tangu tarehe 1 Januari 2026, mtu akifa, mali yake isipozidi dola milioni 15 haiguswi na kodi ya mirathi ya serikali kuu. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa karibu milioni 14, na kilikuwa kishushwe karibu nusu mwisho wa 2025. Matajiri wakapiga mbio, sheria ikabadilishwa mwezi wa Julai 2025, kikapandishwa badala ya kushuka. Mfanyakazi wa kiwanda cha magari hana haja ya kukosa usingizi juu ya milioni 15. Tuyaache hayo.

Uingereza ni jambo jingine. Kule kodi ya mirathi ni asilimia 40 ya kile kinachozidi paundi 325,000, na kiwango hicho hakijasogezwa tangu 2009 ingawa bei za nyumba zimepanda sana. Kwa hiyo nyumba ya kawaida mjini London, iliyonunuliwa na dereva wa basi miaka 40 iliyopita, inaweza kuingia katika kodi ambayo zamani ilikuwa ya mabwana wenye mashamba. Si watu wote wanaofikiwa, maana kuna nafuu kwa mke na mume, na nyongeza kwa nyumba inayoachiwa watoto. Lakini tazameni kilichotokea juu ya akiba za uzeeni. Mwezi wa Oktoba 2024 serikali yao ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 6 Aprili 2027, akiba ya pensheni ambayo marehemu hakuitumia itahesabiwa pamoja na mali yake kwa ajili ya kodi hiyo. Kwanza walisema wenye mifuko ya pensheni ndio watakaopiga hesabu na kulipa. Wenye mifuko wakalalamika. Mwaka 2025 wakageuza: mzigo wa kuandikisha na kulipa ukawekwa juu ya msimamizi wa mirathi.

Hapo, ndugu, ndipo palipotufungua macho. Mfuko wa pensheni una makarani, una mawakili, una mashine za kuhesabu. Msimamizi ana daftari na kalamu. Lakini mfuko una sauti, na msimamizi hana, kwa sababu wasimamizi hawana chama. Kila mmoja anafiwa peke yake, anahangaika peke yake, na akimaliza hataki tena kusikia habari hizo. Hakuna mkutano wa wasimamizi wa mirathi wenye bendera na katibu. Kwa hiyo mzigo ukitafuta pa kutua, unatua kwake.

Ongezeeni hili. Kule Uingereza kodi hiyo yapasa ilipwe kabla mwezi wa sita haujaisha baada ya mwezi wa kifo, na kwa kawaida ilipwe, au mpango wa kuilipa uwekwe, kabla mahakama haijatoa karatasi ya kumruhusu msimamizi kuishika mali. Yaani ulipe kwanza kwa mali ambayo bado hujaruhusiwa kuifungua. Wenzetu wa huko hukopa benki ili walipe. Nasi tumezoea kudhani kwamba mambo ya Ulaya yamepangwa vizuri!

Tuje karibu, tuje Kenya, maana Kenya ni jirani yetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu sisi tuingie mwaka 2007, na baadhi yetu tuna ndugu Nairobi na Mombasa. Tena, mambo ya kodi ya majirani hufika kwetu. Kodi ya ongezeko la thamani ilikuwa Kenya, Tanzania na Rwanda kwanza. Sisi tuliipata mwaka 2009, na mwaka huo huo ikaandikwa sheria ya kuanzisha ofisi ya mapato, OBR. Hatusemi ni vibaya. Tunasema anayetaka kujua mvua ya kesho atazame wingu lilipo leo.

Kenya ilikuwa na kodi ya mirathi iliyoachwa na Waingereza. Mwaka 1982 wakaifuta. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 1 Julai 1981, sheria yao ya mirathi ilianza kufanya kazi, sheria moja kwa nchi nzima, ingawa ilikuwa imepitishwa tangu 1972. Mtu angedhani basi, msimamizi amepona. Amepona kodi moja, ameikuta nyingine: kodi ya faida inayopatikana mali inapouzwa. Hiyo nayo ilisimamishwa Juni 1985, ikalala miaka karibu 30, ikaamshwa tarehe 1 Januari 2015 kwa asilimia 5 ya faida. Tarehe 1 Januari 2023 ikapandishwa mpaka asilimia 15. Mara tatu kwa siku moja.

Sasa sikilizeni jinsi inavyomgusa msimamizi. Sheria ya Kenya imemwekea nafuu. Akimgawia mrithi shamba lenyewe, pasipo kuuza, hilo halihesabiwi kuwa mauzo. Na akilazimika kuuza ili kumaliza mambo ya mirathi, hadaiwi kodi hiyo, lakini kwa sharti: mauzo yawe yamekwisha katika miaka 2 tangu marehemu kufa, au katika muda ulioongezwa kwa barua ya mkuu wa kodi. Ikiwa kuna kesi mahakamani juu ya mirathi, miaka 2 huhesabiwa tangu kesi kwisha. Shamba la kilimo lililo nje ya mji na lisilofika ekari 50 nalo limeachwa nje ya kodi hiyo.

Nafuu hiyo ni nzuri, na tunaisifu. Lakini chukueni mtu aliyefiwa na kaka yake mwaka 2019. Ndugu hawakufikishana mahakamani, walibishana tu nyumbani, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwaka 2023 wakapatana, kiwanja cha mjini kikauzwa, faida ikawa shilingi 1,000,000. Miaka 2 imepita, hakuna kesi, hakuna barua ya kuongeza muda kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba iko. Kama wangaliuza mwaka 2020, kodi hiyo isingaliwahusu. Mwezi Desemba 2022, ingalikuwa 50,000. Mwezi Januari 2023 ni 150,000. Marehemu ni yule yule na kiwanja ni kile kile. Kilichobadilika ni kalenda. Na warithi watamtazama nani? Watamtazama msimamizi, na watasema ameila.

Hapa ndipo tunapotaka mtulie kidogo mfikiri, maana ndio moyo wa maneno yetu. Sheria ya kodi ya wafu ikibadilishwa, lazima ichague tarehe moja ya kushika. Yaweza kushika tarehe ya kifo: aliyekufa kabla ya siku fulani ana sheria ya zamani, aliyekufa baadaye ana sheria mpya. Ndivyo walivyofanya Uingereza katika jambo la pensheni. Au yaweza kushika tarehe ya kuuza au kuhamisha mali, kama Kenya ilivyopandisha asilimia 15. Kwa maneno ni tofauti ndogo. Kwa msimamizi ni kubwa kama usiku na mchana. Sheria ikishika tarehe ya kifo, msimamizi anajua hesabu yake tangu siku ya mazishi, haitabadilika hata akichelewa. Ikishika tarehe ya kuhamisha, kila mwezi anaochelewa unaweza kumletea sheria nyingine. Na maskini ndiye anayechelewa zaidi. Tajiri ana wakili, anamaliza mambo haraka. Maskini anangoja mwana aliyekwenda Tanzania arudi, anangoja mavuno apate nauli ya kwenda mahakamani, anangoja karani aliyekwenda likizo.

Basi kwetu Burundi ikoje?

Kwetu sheria ya mirathi iliyoandikwa haipo. Kitabu cha sheria ya watu na familia kilitungwa mwaka 1980, kikarekebishwa tarehe 28 Aprili 1993. Mna ndoa ndani yake, mna watoto, mna ulezi wa yatima. Mirathi haimo. Kongo waliandika yao mwaka 1987, Rwanda mwaka 1999 na tena 2016. Sisi tangu miaka ya 2000 mswada umeandikwa na kujadiliwa, wa mirathi na mali ya mke na mume na zawadi, kisha ukasimama. Sababu wanaijua wote: ni swali la binti kurithi ardhi. Katika mila, ardhi ni ya wana wa kiume, binti hupewa kipande cha kulima tu, kile kinachoitwa igiseke, na mjane hukaa juu ya ardhi ya mume bila kuwa mwenyewe. Sisi tuna maoni juu ya hilo. Wanawake wanaochambua kahawa hukaa saa zile zile na wanaume mezani, jasho lao halina jinsia. Lakini leo si somo letu, tutalirudia siku nyingine.

Kwa kuwa sheria haipo, hakuna ukurasa mahali po pote unaomwambia mtu aliyeshika mali ya marehemu: fanya hivi, una miezi kadhaa, ukifika hapa umemaliza. Jirani zetu wa Kenya wanayo maneno hayo. Msimamizi wao anatakiwa kuipa mahakama orodha ya mali katika miezi 6 tangu apewe karatasi, na mahakama ikisha kuthibitisha mgao anayo miezi 6 mingine ya kumaliza kazi. Anayegusa mali ya marehemu bila karatasi anaweza kufungwa mpaka mwaka mmoja. Ni sheria kali, lakini mtu anajua mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Kwetu unaingia kwa kuonyeshwa kidole, na kutoka hakuna.

Katika shughuli zetu za chama, Gitega na Muyinga, hatujamwona mwanachama aliyeitwa alipe kitu kilichoandikwa waziwazi "kodi ya mirathi". Mzigo huja kwa majina mengine. Tutoe mifano miwili, bila kutaja watu wala ofisi.

Mfanyakazi wa mashine ya kahawa hapa Gitega alifariki akiacha nyumba ya vyumba vinne. Viwili alikaa na familia, viwili alipangisha. Mdogo wake, kibarua wa siku nyingi, akapewa ashike mambo. Kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha ipo katika nchi yetu, na marehemu alikuwa hakuilipa miaka kadhaa. Mdogo wake hakujua. Alikuwa akipokea fedha za wapangaji na kuzipeleka zote kwa mjane, faranga juu ya faranga, akidhani ndiyo uaminifu. Siku ofisi moja ilipokuja kudai, ilidai madeni ya zamani na faini, na kwa kuwa fedha zilipita mikononi mwake, yeye ndiye aliyeandikwa jina. Fedha zimekwisha liwa na watoto, kwa haki yao. Alilipa kwa mshahara wake, kidogo kidogo, na mkewe mwenyewe mpaka leo haelewi kwa nini. Mtu huyu hakuiba. Kosa lake ni kwamba aligawa kwanza, madeni akayakuta baadaye.

Na jambo hili la madeni kwanza si jipya, wala halikuletwa na Wazungu. Ndugu zetu Waislamu wanalijua tangu utotoni: hutolewa gharama za mazishi, kisha hulipwa madeni ya marehemu, kisha wosia usiozidi theluthi moja, ndipo warithi wagawane. Kenya nayo sheria yao inaamuru mazishi na madeni yalipwe kabla ya mgao. Kodi ambayo marehemu hakulipa ni deni kama deni la duka. Anayegawa kabla ya kuuliza anaweza kujikuta amegawa fedha za serikali, na serikali haimfuati mtoto wa miaka sita aliyenunuliwa viatu.

Mfano wa pili ni wa Muyinga. Mfanyakazi wa shamba alifariki akiacha mke, watoto watano, miti ya kahawa, na kiwanja alichokinunua pembeni ya mji. Mjane alishika mambo mwenyewe, na kwa kweli aliyashika vizuri kuliko wanaume wengi tunaowajua. Alipotaka kuandikisha kiwanja kwa jina la watoto, akaambiwa ada za kuhamisha hati. Akasema nitakusanya. Akauza mbuzi. Aliporudi, kiasi kilikuwa kimekwisha badilika, tena karatasi alizokuwa nazo zilikuwa za mkoa wa zamani. Maana tangu 2025 nchi yetu ina mikoa mitano badala ya 18, na Muyinga sasa imo katika mkoa wa Buhumuza. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi, labda. Kila karani alifuata karatasi iliyokuwa mezani kwake siku ile. Lakini mjane alifunga safari nne, na kila safari ni siku ya kazi isiyolipwa.

Mama huyu na kibarua wa Gitega wanafanana na yule mtu wa Nairobi wa mwaka 2023 kuliko mnavyodhani. Wote watatu walipigwa na kitu kilichobadilika nyuma ya mgongo wao walipokuwa wakifanya kazi ya bure kwa ajili ya watoto wa mtu mwingine, au watoto wao wenyewe waliofiwa.

Kwa hiyo tunasema hivi. Siku mswada wa mirathi utakapotolewa kabatini, na siku serikali itakapofikiri juu ya kodi yo yote inayogusa mali ya marehemu, vyama vya wafanyakazi viwe vimekaa mezani. Wasituite kuja kusomewa kilichokwisha pigwa muhuri.

Tukikaa mezani tutataka jambo moja kuliko yote: hesabu ishike siku ya kifo. Kiasi cha kodi, ada na faini kiwe kile kilichokuwa katika sheria siku marehemu alipokata roho, wala kisipande kwa sababu familia ilichelewa kupatana. Kama serikali inaogopa kwamba watu watalala miaka kumi bila kuandikisha, basi na iweke muda, lakini muda huo uanze siku msimamizi alipopewa karatasi yake, si siku ya kifo. Mtu hawezi kuanza mbio kabla hajafunguliwa mlango. Kenya walifikiri jambo hili nusu, wakampa nafasi mwenye kesi mahakamani. Sisi tungependa afikiriwe na yule ambaye familia yake ilipatana chini ya mti, kwa sababu huyo amewapunguzia mahakimu kazi. Mwaka 2021 sheria ilirudisha baraza la wazee wa kilima na wa mtaa, Intahe yo ku mugina, ili magomvi yaanzie huko kabla ya kufika mahakamani. Basi siku zinazotumika mbele ya wazee hao nazo zihesabiwe, zisiwe siku za kumpandishia mtu faini.

Tutataka pia iandikwe waziwazi kwamba msimamizi hulipa kwa mali ya marehemu, na mali hiyo ikiisha, deni limeishia hapo. Mfukoni mwake kusiguswe, isipokuwa ameila mali au ameigawa akijua kuna deni. Hatutetei wezi. Kuna wajomba waliochukua mashamba ya yatima kwa jina la usimamizi, nao tunawajua kwa majina, na sheria iwakamate. Lakini mwizi na mtu asiyejua wasiwekwe katika mizani moja.

Na mali ndogo iachwe. Wengi wetu hatuna hata hekta moja. Kenya imeacha nje ya kodi yake shamba lisilofika ekari 50, ambazo ni hekta 20 hivi. Huko kwetu mwenye hekta 20 ni mtu mkubwa! Hatuombi kiasi hicho. Nyumba ya kukaa familia, shamba la kula na miti ya kahawa ya kulipia shule vihamishwe bila ada, au kwa ada ya karatasi tu.

Kuhusu pensheni, hapa kidogo tuna faraja. Pensheni ya wajane na yatima inayotoka INSS ni haki yao wenyewe kwa sheria. Si mali ya marehemu, haiingii katika mgao, na mjomba hana neno juu yake. Tunalitaja kwa nguvu kwa sababu ya yale ya Uingereza. Ikiwa siku moja mtu atasema kwamba kwa kuwa wenzetu wa Ulaya wamezihesabu akiba za uzeeni pamoja na mirathi, nasi tufanye hivyo, jibu letu liko tayari. Na mjane asimpe mtu ye yote karatasi za INSS za mumewe amshikie. Azishike yeye.

Sheria ikingojewa, watu wanaendelea kufa, kwa hiyo kuna mambo ya kufanya sasa. Wewe uliye hai bado, andika. Daftari moja linatosha: kiwanja changu kiko wapi na mipaka yake na nani, nina cheti cha ardhi au sina (sheria ya ardhi ya 9 Agosti 2011 imeruhusu komini kutoa vyeti), nadaiwa na nani, namdai nani, kodi ya nyumba nililipa mara ya mwisho lini na risiti iko wapi, namba yangu ya INSS ni ipi. Mweleze mkeo daftari liko wapi. Tunajua kuna wanaume wanaoona kwamba kumwonyesha mke hesabu ni kujitakia kifo. Hao wakifa, wake zao hutujia sisi, na sisi hatuna la kuwaonyesha.

Na wewe uliyeonyeshwa kidole, usigawe haraka hata wakikulilia. Mbele ya mashahidi wawili au watatu, mmoja wao mzee wa kilima, andika orodha ya vitu vyote. Nenda komini na ofisi ya mapato, uulize kwa maandishi kama marehemu anadaiwa, na udai jibu lenye muhuri. Jibu likikawia, rudi na shahidi. Kila faranga inayoingia na kutoka iandike na tarehe, na fedha za wapangaji zisichanganywe na mshahara wako hata siku moja. Ukisha lipa madeni na kugawa, waite warithi watie sahihi au dole gumba kwamba wamepokea. Karatasi hiyo ndiyo mlango wa kutokea ambao sheria bado haijakujengea.

Mnaoogopa ofisi, msiende peke yenu. Mwakilishi wa chama kiwandani ana haki ya kufuatana na mwanachama, na karani huongea kwa adabu zaidi akiona watu wawili. Walio na karatasi za mkoa wa zamani wazilete wazione wawakilishi wetu kabla ya kulipa ada yo yote, tujue ni wangapi, Gitega wangapi na Muyinga wangapi, ili tukienda kuuliza juu twende na hesabu mkononi.